Dakika Thelathini na Sita Katika Njia ya Pili

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, treni ya mizigo iliingia njia ya pili ikivuta mabehewa ishirini na mawili, ikasimama bila kishindo. Bi Dakika, msimamizi wa stesheni, hakuhitaji kuchungulia dirishani ili ajue nani anaendesha. Madereva wengine wakifunga breki, mabehewa hugongana mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka. Huyu alisimamisha treni nzima kama mtu anayeweka glasi ya maji mezani, na ndiyo maana njia yote walimwita Taratibu.

Aliandika saa kwenye daftari la treni. Tarakimu zilisimama wima. Alilihakikisha hilo kwa kuzitazama tena.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu walipozungumza mara ya mwisho.

Stesheni yenyewe haikuwa na mengi ya kusimulia. Ofisi moja, dirisha moja la tiketi, jukwaa la saruji lenye benchi mbili, na bahari ng'ambo ya reli, karibu kiasi cha kwamba chumvi ilikula bawaba za milango na kila mwaka zikabadilishwa. Kabla ya stesheni njia ilikuwa moja, na baada yake ilikuwa moja. Hapa tu ndipo ilipogawanyika mara mbili kwa mita mia sita, ili treni zinazotoka pande tofauti zipishane. Kazi ya msimamizi wa stesheni ilikuwa kuhakikisha zinapishana hapa, si kwingine.

Kwa kazi hiyo palikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha shaba ndani ya mfuko wa ngozi, ulioshikizwa kwenye duara la waya nene ambalo dereva angeweza kulivaa begani. Kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kilikuwa na kibao chake, na dereva asiye nacho mkononi haondoki, hata kama waziri yumo ndani ya behewa. Akifika, hukirudisha kibao cha njia aliyotoka. Akiondoka, hupewa cha njia aendayo. Akipewa hiki asipotoa kile, njia aliyoiacha nyuma yake hufungwa, kwa sababu ufunguo wake ameondoka nao.

Hicho ndicho kilichotokea siku kumi na tisa zilizopita. Taratibu alishuka na kibao begani, wakasimama jukwaani wakisubiri treni ya abiria ije wapishane. Ilipokaribia kufika alimuuliza Bi Dakika, “Nije kwenu lini kujitambulisha?” Naye akajibu, “Jumapili.” Neno moja tu. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka alichokuwa akifanya. Bi Dakika alimkabidhi kibao kipya, Taratibu akakivaa juu ya kile cha zamani, akaondoka navyo vyote viwili. Treni ya abiria ilikaa hapo saa moja na dakika hamsini na moja, abiria mia tatu wakipepea magazeti, mpaka kiberenge, kigari kidogo cha mafundi wa reli, kilipokirudisha kibao kutoka stesheni ya mbele.

Ukafanyika uchunguzi. Kila mmoja aliandika maelezo yake, na wakaagizwa wasiwasiliane kwa namna yoyote mpaka uamuzi utoke. Bi Dakika alipata barua ya onyo. Taratibu alipata nini, hakujua. Jumapili ilipita, na nyingine, na nyingine.

Mlango ulifunguliwa. Taratibu aliingia, akavua duara la waya begani na kulinyoosha mbele kabla ya salamu.

“Kibao.”

“Nimepokea.”

Bi Dakika alikitia kwenye mashine ya vibao, akazungusha mpini mpaka uliposema *tak*. Ndipo akageuka. Taratibu alikuwa amekonda kidogo. Ndevu alikuwa amenyoa, lakini alisahau sehemu ndogo chini ya sikio la kushoto, na Bi Dakika akajikuta ameitazama sehemu hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

“Habari za siku?”

“Nyingi,” alisema Taratibu. “Treni ya abiria iko wapi?”

“Imechelewa. Itaingia saa nne na dakika arobaini na nane.”

“Kwa hiyo nina dakika thelathini na sita.”

“Una thelathini na nne. Mbili zimeshapita.”

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Nje, msaidizi wake alikuwa ametoa kichwa kwenye dirisha la injini, akapaza sauti: “Taratibu! Umejipapasa mabegani?” Akajichekea mwenyewe.

“Wananiimbia hivyo njia nzima,” alisema Taratibu. “Jana mpishi wa kantini alinipa sahani mbili. Nikamwuliza ya pili ya nini, akasema, ‘Kwani wewe huwa unaona tofauti?’”

Bi Dakika hakucheka. Alivuta kiti, hakukikalia.

“Ulizuiwa kunipigia simu. Nami nilizuiwa. Hilo naelewa. Lakini uamuzi ulitoka Ijumaa, na leo ni Jumatano.”

“Ndiyo.”

“Siku tano.”

“Nazijua ni ngapi.”

“Kama umekasirika kwa sababu ya nilichoandika, sema. Niliandika kwamba mimi na wewe tulikuwa tunazungumza jambo lisilo la kazi, na kwamba wote wawili tulisahau. Ndivyo ilivyokuwa.”

“Niliisoma ripoti yako,” alisema. “Haina kosa hata la nukta.”

“Hiyo si hasira?”

“Ni sifa. Mimi maelezo yangu yalikuwa na uongo, na mwandiko mbaya juu yake.”

Alisema hivyo kisha akaonekana kujuta. Akageukia dirisha, akaanza kukwangua rangi iliyobambuka kwenye fremu, kama fundi aliyeitwa kuikagua.

“Uongo gani?”

“Basi tu.”

“Taratibu. Uongo gani?”

Alitia mkono mfukoni, akatoa barua iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya daftari la treni. Bi Dakika aliifungua. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, tangu tarehe mpaka sahihi, bila kuruka, na aya moja ilisema hivi:

Dereva aliyetajwa hapo juu aliandika kuwa msimamizi wa stesheni alikuwa akizungumza kwenye simu ya kazi wakati wa tukio, hakuwa karibu naye, na kwamba kosa lote ni lake dereva. Maelezo hayo yanapingana na ya msimamizi mwenyewe. Kwa kosa la kusahau kibao, dereva anapewa onyo. Kwa kosa la kutoa maelezo yasiyo ya kweli, anaondolewa njia kuu kuanzia Alhamisi, na kuhamishiwa yadi, kazi ya kupanga mabehewa.

Alisoma aya ile mara ya pili. Ilimchukua muda kuielewa, ingawa hapakuwa na neno gumu. Kwa kusahau Taratibu angepewa onyo tu, kama yeye. Kilichomshusha ni uongo. Na uongo ule ulifichuliwa na karatasi aliyoiandika yeye, kwa kalamu yake, akiwa ameketi kwenye kiti hiki.

“Ulidanganya kwa ajili yangu.”

“Una mwaka mmoja kazini. Mimi nina kumi na moja. Nilifikiri onyo kwangu litapita kama mvua ya rasharasha, lakini kwako lingekaa kwenye faili.”

“Sikukuomba.”

“Najua hukuniomba.”

“Ungenijua, ungejua nitaandika ukweli.”

“Hapo ndipo nilipokosea,” alisema Taratibu taratibu. “Nilijua. Nikaandika hivyo hivyo. Sijui nilitegemea nini. Labda nilitegemea kwamba siku moja tu utasahau kuwa Bi Dakika.”

Bi Dakika aliikunja barua kwa mikunjo ile ile minne. Alitaka kusema pole, akaona neno ni dogo. Alitaka kumshika ule mkono uliokuwa bado unakwangua rangi. Akaunyoosha wake, ukafika kwenye fremu ya dirisha, ukatua juu ya vidole vyake. Taratibu aliacha kukwangua. Hawakutazamana. Wote wawili walikuwa wanaitazama mikono ile, kana kwamba imewekwa pale na watu wengine.

“Leo ndiyo safari yangu ya mwisho njia hii,” alisema. “Ningeweza kubadilishana zamu na mwenzangu, nisipite kabisa. Lakini nikaona si haki kukuachia uhesabu siku. Nimekuja kukwambia sitakuja kwenu.”

“Kwa sababu?”

“Ningekuja nikiwa dereva wa njia kuu. Sasa nije nikiwa nani? Mtu wa kusukuma behewa tupu kutoka kona hii mpaka kona ile, siku nzima ndani ya geti moja? Wazazi wako watauliza, ‘Kijana, unafanya kazi gani?’ Nitasema nini?”

“Utasema hivyo ulivyosema sasa.”

“Ni rahisi kwako.”

“Si rahisi kwangu,” alisema Bi Dakika. Sauti yake ilishuka kidogo, lakini maneno yalitoka moja moja, safi. “Siku kumi na tisa nimekuwa nikisikiliza breki za kila treni ya mizigo. Zimepita thelathini na saba. Hakuna iliyokuwa rahisi.”

Taratibu alifungua mdomo kujibu, na mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa mama yake Bi Dakika, mshonaji, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni na pini tatu zimechomwa kifuani mwa gauni. Alikuwa anahema.

“Ndiye huyu?”

“Mama, si ungenisubiri nyumbani tukaongea?”

“Ningekusubiri nyumbani, yeye angeondoka na treni. Nawajua hawa, nimeolewa na mmoja. Nimesikia treni imesimama bila kishindo nikasema, leo kaja. Nimemwacha mteja amesimama sebuleni na pini mgongoni.”

“Shikamoo mama,” alisema Taratibu, mkono wake ukiwa umesharudi ubavuni haraka kama wa mwanafunzi.

“Marahaba. Hebu simama nikuone.” Akamtazama juu mpaka chini kwa jicho la kazi. “Bega la kulia limeshuka. Miaka ya kuegemea dirisha la injini. Baba yake naye hivyo hivyo, kila shati nilimshonea pande mbili tofauti. Kaa, mwanangu. Sikuja kukutukana. Nimekuja kukwambia hapana, na nimeona ni adabu niseme kwa mdomo wangu, usije ukaambiwa na watu.”

“Mama!”

“Wewe nyamaza, uko kazini.” Akaketi kwenye kiti ambacho Bi Dakika hakukikalia. “Sikiliza, dereva. Mimi nimezaa watoto watatu. Baba yao alikuwepo kwa mmoja tu, na huyo ni kwa sababu injini iliharibika.”

“Ni mimi huyo,” alisema Bi Dakika.

“Ndiye huyo. Miaka ishirini na sita mume wangu aliendesha njia hii. Hanywi, hapigi, mshahara wote analeta. Sina neno naye. Sasa amestaafu, yuko nyumbani kutwa nzima. Juzi ameniuliza sukari tunaweka wapi. Sukari! Kabati halijahama tangu tuoane. Jioni tunakaa tunatazamana kama abiria waliokutana ndani ya behewa. Kila mmoja anaogopa kumchosha mwenzake kwa maswali. Ni mtu mzuri, watu wote wanasema. Mimi ndiyo kwanza naanza kumjua, na magoti yananiuma.” Alivuta pini moja kifuani, akaichomeka tena palepale. “Sitaki mwanangu aolewe na ratiba. Basi. Sina jingine.”

Taratibu aliinamisha kichwa. “Una haki, mama. Hata mimi nilikuwa namwambia sasa hivi kwamba sitakuja.”

Mama aligutuka. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa nusu saa. “Hutakuja? Kwa nini? Mwanangu ana kasoro gani?”

“Msomee barua,” alisema Bi Dakika.

“Hakuna haja ya…”

“Basi nitamsomea mimi.” Akaichukua, akasoma aya ile kwa sauti, bila kupunguza wala kuongeza.

Mama aliwatazama kwa zamu.

“Ngoja nielewe. Huyu kasema uongo ili akuokoe.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ukasema ukweli ukamzamisha.”

“Sikujua kama…”

“Ulikuwa hujui, lakini hata ungejua ungesema.” Akamgeukia Taratibu. “Akiwa na miaka saba alivunja sahani yangu ya wageni. Alikuja kuniambia kabla vipande havijatulia sakafuni. Ndiye huyo unayemtaka.”

“Ndiye, mama.”

Lilimtoka kabla hajalizuia. Bi Dakika aliinua macho.

Mama hakuonyesha kama amesikia. Alikuwa ameichukua barua, anaisogeza mbali na macho ili aone. “Yadi. Ile ya mjini?”

“Ile ile. Mwendo wa nusu saa kutoka hapa.”

“Na hiyo kazi ya kupanga mabehewa, unaingia saa ngapi?”

“Saa moja asubuhi.”

“Unatoka?”

“Saa kumi jioni.”

“Ukitoka saa kumi unakwenda wapi?”

“Nyumbani.” Taratibu alionekana kama mtu anayejibu maswali ya daktari asiyejua yanaelekea wapi. “Injini ya yadi haitoki nje ya geti, mama. Haina taa ya mbele ya maana.”

“Kwa hiyo unalala nyumbani.”

“Ndiyo.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Jumapili yadi imefungwa.”

Mama aliiweka barua chini polepole, akaikandamiza kwa kiganja kama kitambaa anachotaka kukikata.

“Na hawa ndio wanaiita adhabu.”

“Mama, nimeshushwa. Watu njia nzima…”

“Dereva wa njia kuu ningemfukuza mlangoni. Nilishajiandaa, mpaka maneno nilishayapanga. Sijapanga maneno ya mtu anayerudi saa kumi jioni.” Akasimama, akajishika kiuno. “Mimi nimeondoa pingamizi langu. Kama wewe unataka kukaa mjini unajionea haya kwa sababu injini yako ni ndogo, hilo si tatizo langu. Mimi sikulazimishi.”

Bi Dakika alimtazama Taratibu. Hakumsaidia kwa neno. Swali lilikuwa lake, na muda wa kujibu ulikuwa upo.

“Bi Dakika,” alianza. “Mimi…”

Honi ya treni ya abiria ikalia upande wa daraja.

Saa nne na dakika arobaini na nane. Bi Dakika alikwishashika wenzo wa ishara. Kwa dakika tano zilizofuata hapakuwa na mapenzi katika stesheni ile, palikuwa na kazi. Treni iliingia njia ya kwanza. Alipokea kibao kutoka kwa dereva wake, akakitia kwenye mashine, akapiga simu stesheni ya mbele kuomba njia, akajibiwa njia iko wazi, akatoa kibao cha treni ya mizigo. Taratibu alikuwa ameshapanda injini. Dirishani kwake alionekana kichwa tu na lile bega lililoshuka.

Alitembea kwenye changarawe mpaka chini ya injini. Abiria walikuwa wamejaa madirishani upande wa pili, na miongoni mwao wapo waliokaa hapo saa moja na dakika hamsini na moja.

“Dada, leo mpe kimoja tu!” alipaza sauti mwanamke mmoja.

“Mkague kwanza!” akadakia mwanamume, na behewa zima likaangua kicheko.

Bi Dakika aliinua duara la waya. Taratibu alilipokea, akalivaa, akanyoosha mikono yote miwili mitupu aone. Ndipo aliposema Bi Dakika, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza treni.

“Nakupenda. Sikuliandika hilo kwenye ripoti kwa sababu hawakuuliza.”

Kicheko cha abiria kilikatika ghafla. Mtu mmoja akasema “Ha!” Taratibu alimwinamia kutoka juu, midomo ikitafuta neno, macho yakiwa yamejaa machozi.

“Ishara imefunguka,” alisema msaidizi nyuma yake, kwa upole ambao hakuwa nao mwanzo. “Tunachelewa, kaka.”

Treni ya mizigo iliondoka saa nne na dakika hamsini na tatu. Ya abiria nayo ilipewa kibao chake, ikaondoka upande wa pili dakika mbili baadaye. Bi Dakika alirudi ofisini, akaandika saa zote mbili. Safari hii tarakimu zilipinda, akaziacha.

Mama alikuwa bado kwenye kiti.

“Mteja wako ana pini mgongoni,” alisema Bi Dakika.

“Atasubiri.”

“Hakujibu, mama.”

“Nimeona.”

Mama alikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja. Bi Dakika alijaza fomu ya mafuta ya taa za ishara, akakosea tarehe, akaifuta, akaandika upya. Upepo wa bahari ulifungua na kufunga mlango mara mbili, na mara zote mbili waligeuka.

Saa tano na dakika ishirini na mbili simu ya njia ililia. Alikuwa msimamizi wa stesheni ya mbele, mzee ambaye kwa mwaka mzima hajawahi kumwambia zaidi ya sentensi mbili.

“Treni ya mizigo imefika saa tano na dakika kumi na tisa. Kibao nimekipokea.”

“Nimepokea.”

“Kuna jingine.” Akakohoa. “Dereva amesimama hapa dirishani, hataki kupanda injini mpaka nikuulize. Sijui nitaliandika safu gani. Anauliza, Jumapili aje saa ngapi?”

Bi Dakika alifunika simu kwa kiganja.

“Mama. Anauliza Jumapili aje saa ngapi.”

“Saa tatu,” alisema mama mara moja. “Baba yako Jumapili anaamka saa nne. Nataka saa nzima ya kumhoji kijana kabla baba yako hajamkamata na habari za injini.”

“Saa tatu asubuhi,” alisema Bi Dakika kwenye simu.

Upande wa pili ulirudia, kama kanuni inavyotaka. “Jumapili, saa tatu asubuhi. Nimepokea.”